Kukinga rangi ya gari kwa siku ya mbio za vumbi Dodoma: kuanzia kuosha mpaka kubandua

Wakuu, ikifika mwezi wa saba mpaka wa tisa, ardhi ya Dodoma imeshakauka na upepo umeshaamka, ndo kipindi vijana wanapanga siku za kukimbiza magari kwenye viwanja vya moramu, na swali ni lile lile kila mara, nibandike nini mbele nisirudi na boneti imedonolewa na mawe. Nitajibu kwa urefu maana majibu mafupi ndo yanaponza watu. Magari mengi ninayoyaona yakipelekwa kwa fundi rangi baada ya siku hizo hayakuumizwa sana na mawe, yaliumizwa na kinga yenyewe: tepu ilibandikwa juu ya vumbi, ikapigwa jua siku mbili tatu, siku ya kubandua ikaondoka na klia, yaani lile tabaka la juu kabisa linaloonyesha linalolinda rangi. Kwa hiyo kubandika nitaeleza, ila kwenye kuosha kabla na kubandua baada nitakaa zaidi.

Na tuelewane, naongelea kiwanja kilichofungwa cha mtu aliyetoa ruhusa, sio barabara ya kwenda Hombolo au Bahi ambako kuna watoto wa shule na ng'ombe wanakatiza.

Nini hasa kinapiga rangi

Klia ya kiwandani ina unene wa kama maikroni 40 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), yaani nyembamba kuliko unywele wako, na ukijumlisha rangi yote kuanzia praima, ile rangi ya chini inayoshika bati, unapata kama maikroni 100 mpaka 150. Sasa hicho ndo kinakutana na mchanga wetu. Mchanga wa huku umetokana na miamba ya graniti, ile milima ya mawe unayoiona imezunguka mji, na ndani ya graniti kuna madini ya kwatzi ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7 wakati kioo cha kawaida ni kama 5.5. Kama kinaweza kukwaruza kioo, klia haina ubishi nacho.

Watu wanadhani mawe yote yanatoka kwa gari la mbele. Yapo, hayo yanapiga bampa, ukingo wa mbele wa boneti, saidi mira na nguzo za pembeni mwa kioo. Lakini mawe mengi zaidi yanatoka kwenye tairi zako mwenyewe, hasa za mbele ukikata kona, na hayo yanapiga chini ya milango na ule mviringo wa bodi mbele ya tairi ya nyuma. Ndo maana unakuta mtu kajaza tepu boneti nzima mpaka kwenye kioo, akirudi boneti iko salama halafu chini ya mlango wa nyuma praima inaonekana. Na kama umeweka spesa ili rimu zitoke nje zipendeze, basi ujue umeifungulia njia kokoto, tairi ikitokeza nje ya fenda inarusha juu na pembeni bila kizuizi.

Kwenye kiwanja cha lami mambo ni tofauti kidogo, mfano mtu akienda uwanja wa mbio wa Kyalami kule Afrika Kusini, huko mawe ni machache ila vipande vya mpira vinavyobanduka kwenye tairi zikipata moto vinarushwa na kuganda kwenye bampa na fenda. Kinga ni ile ile, ila ukiwa lami unaweza kuweka nyepesi zaidi.

Kagua rangi uliyonayo kwanza

Hapa usiruke. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na njiani au hapa hapa mjini yameshaguswa na fundi. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye joto kubwa, inashika. Rangi ya gereji inategemea fundi alipiga msasa vizuri au alikuwa na haraka ya kwenda kula. Chukua sumaku ndogo uifunge na kitambaa laini, pitisha kwenye fenda na milango, sehemu inayolegea kushika kuna puti chini, ule udongo wa fundi wa kujazia palipobonyea, isipokuwa kama boneti yako ni ya aluminiamu kama kwenye baadhi ya Subaru, hiyo sumaku haishiki kabisa na haina maana ina puti, na bampa ni plastiki nayo hivyo hivyo.

Halafu fanya jaribio la tepu: kata kipande cha sentimita tano, bandika sehemu isiyoonekana, mfano pembe ya chini ya bampa au ndani ya ukingo wa mlango, sugua kwa kidole, acha saa moja kivulini, bandua taratibu. Ikija na chembe yoyote ya rangi, hiyo sehemu usibandike kitu chenye gundi, bora upigwe na jiwe moja kuliko kubandua kipande cha kiganja kizima. Na gari lililotoka kupigwa rangi juzi liache kabisa, subiri angalau mwezi, maana rangi iliyokaushwa kwa hewa inaonekana imekauka juu ila ndani bado inatoa hewa ya thina, ukiifunika inafanya malengelenge au inabaki na alama ya tepu milele.

Cha kubandika na cha kuacha

Tepu ya karatasi ndo ya kawaida na inapatikana maduka yote ya rangi. Kuna ile ya njano iliyofifia ya mafundi ujenzi, bei rahisi, na ile ya bluu au ya kijani. Chukua ya bluu au ya kijani. Ile ya njano gundi yake ikipata jua la Dodoma inaiva, karatasi inabanduka peke yake na gundi inabaki kwenye rangi. Ya bluu ya ScotchBlue 2090 mtengenezaji anasema inakaa mpaka siku 14 bila kuacha gundi, ila hiyo ni kwenye kazi ya kupaka rangi nyumba, kwenye bati lenye joto we hesabu saa, usihesabu siku. Tepu ya karatasi haizuii jiwe kubwa, tuseme ukweli, inazuia mchanga na kokoto ndogo, na ukibandika mara mbili sehemu za hatari inasaidia zaidi.

Filamu ya muda ni bora kama hela ipo. Ni nailoni nene inayoonyesha, yenye gundi hafifu, inauzwa kwa roli, kampuni ya XPEL wanayo inaitwa Tracwrap na imetengenezwa kwa kazi hii hii ya siku ya mbio. Usiichanganye na filamu ya kudumu ya kulinda rangi, ile yenye unene wa kama maikroni 200, hiyo inabandikwa na fundi na inakaa miaka. Huku kwetu filamu ya muda ni ya kuagiza, kwa hiyo panga mapema.

Kuna rangi ya mpira ya kupuliza kama Plasti Dip, unapuliza, inakauka, baadae unaivua kama ngozi. Inafanya kazi ila mi siipendi kwa siku moja. Lazima upige mikono minne mpaka sita ndo iweze kuvuliwa kwa kipande kikubwa, ukipiga nyembamba itakuja vipande vidogo vidogo na utakesha ukikwangua kwa kucha. Petroli ikiimwagikia inayeyuka, kwa hiyo karibu na kifuniko cha tenki ni tabu. Na kupuliza kitu chochote nje Dodoma mwezi wa nane, sijui unapuliza rangi au unatengeneza msasa, vumbi lote linaingia humo.

Visivyofaa: seluteipu ya maboksi, tepu ya fedha ya mafundi bomba, nailoni ya jikoni, na stika za matangazo zilizobaki kwa fundi mabango. Hizo mbili za kwanza gundi yake ni ya kazi nyingine kabisa. Nailoni ya jikoni inapigapiga na upepo na vumbi linaingia chini yake, inakuwa inasugua muda wote. Halafu kuna wale wanaopaka dizeli au oili chafu bodi nzima eti vumbi lisishike. Mkuu, vumbi linashika mara mbili, ukija kufuta unafuta kwa mchanga, na raba za milango zinavimba. Acha.

Idadi ya tepu

Watu wananunua roli moja halafu saa mbili usiku wanazunguka mjini kutafuta nyingine. Piga hesabu hivi, tepu ya upana wa sentimita 5 ukiipandisha sentimita moja juu ya mwenzake inabaki inafunika 4. Ukingo wa boneti wa sentimita 40 kwenda nyuma ni mistari 10, kila mmoja mita 1.4, jumla mita 14. Bampa yenye kimo cha sentimita 60 ni mistari 15 ya kama mita 1.8, hiyo mita 27. Chini ya milango pande zote mbili, sentimita 20 kwenda juu, ni mita 18. Mbele ya tairi za nyuma weka mita 6. Jumla 65 kwa tabaka moja, ila chini ya milango na mbele ya tairi za nyuma utabandika mara mbili, ongeza 24 inakuwa 89, roli za mita 20 zinakuwa tano ila nunua sita maana kuna kuharibu, na bampa ina kona nyingi.

Kuosha, na hapa ndo kazi ilipo

Osha jioni ya kuamkia siku yenyewe, wewe mwenyewe, nyumbani. Nasema wewe mwenyewe kwa sababu vijana wengi wa kuosha magari wana kitambaa kimoja, kimetoka kufuta rimu za Fuso sasa hivi kinakuja kwenye boneti yako. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa kiwe maikrofaiba. Kwanza mwagia maji mengi bila kugusa, vumbi lishuke lenyewe. Maji ya shida naelewa, ila hapo kwenye kumwagia usibanie, bania kwenye rimu. Anza juu kwenda chini, chini ya milango mwisho kabisa. Sabuni ya unga usitumie, inavua nta na inakausha raba.

Maji yetu mengi ni ya visima, hata ya mjini sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora kule Mzakwe, yana chumvichumvi, yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa meupe na tepu ikibandikwa juu ya hayo madoa haishiki vizuri. Kausha papo hapo kwa taulo safi, kivulini.

Baada ya hapo pitisha kiganja ndani ya mfuko laini wa nailoni juu ya boneti, utasikia kama kuna chembe zimeganda. Kama zipo, lami au utomvu, zitoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa kisha osha tena hapo. Nta kama unataka, paka siku kadhaa kabla, nyembamba, inafanya tepu itoke kirahisi baadae. Ukipaka usiku huo huo tepu haitashika, asubuhi ukifika spidi 80 inapepea. Mwisho futa zile sehemu za kingo tu, ambapo tepu itaanza na kuishia, kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili gundi ishike pembeni.

Kubandika

Fanya ndani, kwenye gereji au kibanda chenye kuta, au kama huna basi alfajiri kabla upepo haujaanza. Ukibandika saa kumi jioni nje Nkuhungu au Nzuguni unabandika vumbi pamoja na tepu, na hilo vumbi chini ya tepu siku nzima gari likitetemeka ni msasa kamili.

Mpangilio ni kama mabati ya nyumba ila maji yako ni upepo na unatoka mbele. Kwenye boneti anza na mstari wa nyuma kabisa, unakuja mbele, kila mstari wa mbele unapanda sentimita moja juu ya ule wa nyuma yake. Mstari wa mwisho, ule wa mdomoni mwa boneti, ukunje uingie ndani ya ukingo, fungua boneti uubandike kwa chini. Ukianza kinyume upepo unaingia kwenye kila kiungo na baada ya mizunguko miwili una mapazia.

Usivute tepu ikanyooka kwa nguvu, ikivutwa inarudi na kunyanyuka kwenye kona. Iweke, isugue kwa kitambaa. Kwenye bampa lenye kona tumia vipande vifupi, usilazimishe kipande kirefu kigeuke. Na kukata, kata kwa mkono au kata kabla hujabandika. Wembe usipite juu ya rangi hata kama mkono wako ni wa fundi saa, ule mstari mwembamba unaoukata kwenye klia huuoni leo, utauona ukianza kunyanyuka baada ya mvua za masika.

Chini ya milango na mbele ya tairi za nyuma bandika mara mbili, wa pili ukipita juu ya viungo vya wa kwanza. Ila usipitishe tepu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, kila mlango ufunguke. Vivyo hivyo boneti, isifungwe kwa tepu kwenye fenda, gari likitoa moshi unataka kuifungua kwa sekunde. Grili, rejeta, na lile tundu la intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) juu ya boneti za Subaru usiguse, injini kwenye joto letu inataka hewa yote. Taa za mbele unaweza kuweka filamu au mistari michache ya tepu kama ni mchana tu na umezizima, taa ikiwaka chini ya tepu inapika gundi kwenye plastiki. Tundu la ndoano ya kuvutia gari liache wazi.

Kama ni filamu: changanya maji na matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye chupa ya kupulizia, lowesha bodi, weka filamu, isogeze mpaka ikae, kisha sukuma maji yatoke kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki laini kilichofungwa kitambaa. Acha usiku kucha ishike. Na soma karatasi yake kwanza, nyingine zinabandikwa kavu.

Raba za nyuma ya tairi

Hizi madiflapu ni kinga bora kuliko tepu yote na hazigusi rangi. Kata kutoka kwenye raba nene au plastiki ngumu inayopinda, funga kwa skrubu kwenye matundu yaliyopo ya plastiki ya ndani ya fenda, pana kuliko tairi kidogo, zishuke mpaka karibu na ardhi ila zisiburute. Za mbele ndo muhimu zaidi. Hakikisha ukikata usukani mpaka mwisho tairi haizigusi. Kama una spesa zitoe siku hiyo.

Siku yenyewe

Umbali. Mwache wa mbele aende mpaka vumbi lake lipungue, utaona njia na utaokoa bampa. Kila ukirudi kupumzika zunguka gari, tepu iliyonyanyuka usiirudishe kwa kuisugua, tayari imebeba mchanga, ibandue hicho kipande, futa, weka kipya. Ukiegesha, tafuta mti au funika mbele kwa kitenge kikavu kisichogusana na vumbi, boneti nyeusi saa saba mchana huku huwezi kuiwekea kiganja na hiyo ndo hali inayopika gundi. Usifunike gari zima kwa turubai na vumbi likiwa juu yake, upepo utaisugulisha.

Kubandua ni siku hiyo hiyo

Usirudi nyumbani na tepu, hasa kama unaingia barabara kuu, kwanza zinapepea, pili taa na namba zinatakiwa zionekane. Subiri jua lishuke na bati lipoe liwe vuguvugu. Bati la moto gundi inakatika na kubaki, bati la baridi tepu inachanika. Kama umeshindwa na unabandua kesho yake asubuhi ya mwezi wa saba yenye baridi, tumia drayer ya nywele, mbali kidogo, ipashe mpaka iwe vuguvugu.

Tepu ya karatasi usiimwagie maji, italowa na kukatika vipande. Peperusha vumbi kwa kompresa kwa mbali au kwa brashi laini, halafu anza na mstari wa mbele ule wa juu kabisa. Kunja tepu irudi nyuma juu yake yenyewe, karibu ilale kwenye bati, vuta taratibu kwa mwendo mmoja. Kuvuta kwenda juu moja kwa moja ndo kunakonyanyua rangi. Ukisikia imekataa sehemu, simama, pasha moto kidogo, badilisha upande. Filamu yenyewe ni kinyume, ioshe kwanza ikiwa bado imebandikwa kisha ndo uivue.

Gundi iliyobaki: mafuta ya kula au mafuta ya taa kwenye kitambaa, weka, subiri dakika tano, futa bila kusugua kwa nguvu, osha kwa shampuu. Thina hapana, kwenye rangi ya gereji inaweza kuifanya ilainike mpaka ikatoka na kitambaa. Petroli nayo hapana. Kisha osha gari zima kama ulivyoosha jana yake, na mwagia ndani ya fenda ambapo mchanga umejaa.

Yaliyopenya

Kagua kwa tochi ya simu ukiilaza pembeni, madoa yanaonekana vizuri kuliko mchana. Doa lililoishia kwenye klia tu liache au lipige polishi siku nyingine. Lililofika bati ndo la kushughulikia, hewa yetu kavu inachelewesha kutu ukilinganisha na Dar au Tanga penye chumvi ya bahari, lakini ukisubiri mpaka mvua za Disemba itaanza. Safisha kwa spiriti, tone la praima, likikauka tone la rangi, kisha klia, kwa ncha ya kijiti cha meno, sio brashi inayokuja na kichupa.

Namba ya rangi kwenye Toyota iko kwenye kibati, ama chini ya boneti kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR, namba ya kwanza ni ya rangi: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Ukikuta 070, hiyo nyeupe yenye kumetameta, mwambie muuzaji mapema maana ina matabaka matatu na kichupa kimoja hakitoshi, unahitaji nyeupe ya chini kwanza halafu ile ya lulu juu yake, la sivyo doa litabaki linaonekana hata ulifanye kwa utulivu gani.